Popo wa Nyota Hafifu

Novemba 12, Jumanne

Daftari hili lilikuwa la hesabu za kidato cha nne. Kurasa za mwanzo nimezichana kwa sababu hesabu zote zilikuwa na alama nyekundu, na mimi sipendi rangi nyekundu. Zilizobaki ni za historia yangu, mimi Lupeti, mtawala wa nyota sitini, bingwa wa visiwa vyote vya Vava'u, hapa Tonga. Vuna, kama ni wewe unachungulia, weka chini. Vipigo vyako vimeandikwa humu kimoja kimoja na hutalala.

Nyota sitini kwa sababu kompyuta yangu haibebi zaidi. Ilikuja kutoka Auckland ndani ya pipa, imebanwa kati ya mablanketi na makopo ya nyama, imeshakufa. Ndugu wa kule walisema tuichezee tu. Nikaifuta yote, nikaiwekea Linux, mfumo wa bure, kutoka kwenye flashi ya mwalimu wa kujitolea, ikafufuka. Inanguruma kama mashine ya kukuna nazi na unaweza kuchomea ndizi mgongoni mwake, lakini iko hai. Na humo ndimo ulimo Mchezo.

Mchezo ni hivi: unachagua taifa, unapewa sayari moja na meli mbili mbovu, halafu unatawala mbingu, zamu kwa zamu. Ni wa bure. Na si bure ya kuiba, ni bure halali: walioutengeneza wameuacha wazi, ukitaka unaufungua tumbo, unasoma kila mstari, unabadilisha, unawapa wengine. Sharti lao moja tu: usifute jina la mwenye kazi.

Vuna ni jirani. Waya unaounganisha kompyuta zetu umepita juu ya ua na kwenye mshelisheli wao, tunacheza kila mtu kwao. Tukikasirika tunatukanana kupitia dirishani.

Novemba 14

Mvua. Nimempiga Vuna zamu ya 71.

Novemba 15

Mvua. Nimempiga tena. Anasema maji yameingia kwenye waya.

Novemba 23, Jumamosi

Leo nimeumba taifa. Sitanii. Kwenye Mchezo kila taifa ni faili la maandishi tu: linapenda nini, linakula nini, linapigana vipi. Wengine wana watu wa mawe, watu wa moshi. Mimi nimewatengeneza Wapeka. Peka ni hawa popo wetu wakubwa wanaoning'inia miti ya upande wa pili wa kijiji, ambao zamani hakuna aliyeruhusiwa kuwagusa ila mfalme. Wapeka wangu hawawezi kuishi kwenye nyota kali. Jua likiwa kali wanapofuka. Wanakaa kwenye nyota hafifu, zile nyekundu zinazokaribia kuzimika, ambazo mataifa mengine yanazipita kwa dharau. Na wanakwenda mbali bila mafuta, kwa sababu wanateleza.

Nimemchora nahodha wao kwa penseli, ana kofia na masikio yametokeza. Nikampiga picha, nikamwingiza, na faili nikalipenyeza kwa Vuna kupitia waya.

Vuna akapiga kelele dirishani: "We! Hawa wachawi wametoka wapi? Wameingia nyuma yangu!"

"Ulizipita nyota zangu ukazidharau."

"Zilikuwa giza!"

"Ndiyo maana, bwege."

Walimu wa kidato cha nne walisema sina akili. Haya.

Desemba 2

Nimeandika kwenye jukwaa la Mchezo mtandaoni kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Akajibu Ilse. Ilse ndiye msimamizi, yuko Ulaya, ndiye anayeamua kipi kinaingia kwenye toleo jipya. Anasema wamewapenda Wapeka. Anasema toleo linatoka Machi na atawaweka humo, wachezwe dunia nzima, ila kabla ya Januari 20 anataka maelezo ya kurasa mbili kwa Kiingereza kinachoeleweka, na fomu yenye jina la mtunzi. Jina litakaa kwenye orodha ya waliotengeneza.

Nimesoma mara sita. Jina langu. Orodhani. Mkuu wa shule atakuja kuinamisha kichwa hapa getini. Hatuna geti, lakini nitajenga.

Desemba 9, Jumatatu

Meli ya abiria imemleta Sefa kutoka chuo, mji mkuu Nuku'alofa, likizo. Sefanaia kwa ukamilifu. Ni mtoto wa Shangazi Lavinia, na Shangazi ni dada yake Baba, na kwa desturi yetu dada wa baba yuko juu ya wote, kwa hiyo yameisha. Mfalme yuko mbali. Shangazi yuko nyumba ya nne. Akisema mkeka huu mzuri, mkeka umeondoka. Mwanawe naye hivyo hivyo: akinyoosha mkono kwenye sahani yangu, mimi navuta wangu. Si dhambi, ndiyo heshima. Shati langu la bluu limeshaondoka leo, saa moja baada ya meli kutia nanga.

Ila Sefa si mtu mbaya. Anacheka vizuri. Na ana Kiingereza cha kanisani, kilichonyooka.

"Binamu," nikamwambia, "utaniandikia kurasa mbili?"

"Za nini?"

"Za popo."

Akadhani nimechanganyikiwa. Nikamwonyesha. Akasema, "Hii umeifanya wewe? Wewe Lupeti?" Nimeamua kuichukua kama sifa.

Desemba 15, Jumapili

Hakuna kucheza, Jumapili hata nyota zinapumzika. Chakula kwetu baada ya ibada: nguruwe, magimbi, majani ya magimbi na nyama ya kopo ndani ya tui, yote kutoka tanuri la ardhini nililolichimbua mimi huku macho yananiwasha kwa moshi. Shangazi alikaa kichwani pa mkeka. Sefa akamwonyesha mchoro wa nahodha.

"Mnyama gani huyu mwenye kofia?"

"Mpeka, Shangazi. Anaendesha meli kwenye nyota."

"Mkono mzuri uliochora. Wa nani huu?"

Sasa mimi nimelelewa. Shangazi akikuuliza kitu ni cha nani, jibu ni moja tangu unapoota meno.

"Wa Sefa, Shangazi. Changu chote ni chake."

Watu wakafurahi. Baba akaitikia kwa kichwa, Mama akanipa kipande chenye ngozi iliyokauka vizuri. Shangazi akacheka: "Angalau shule haikufuta adabu, ingawa nayo haikuingiza kitu." Wote wakacheka, na mimi nikacheka zaidi yao.

Desemba 16

Mvua.

Desemba 25

Nimekula mpaka nikaogopa. Nimempiga Vuna na Sefa pamoja.

Januari 8, Jumatano

Wiki ya maombi, ibada asubuhi na jioni, na karamu katikati. Kwaya imeimba ule wimbo wa wavunaji wa viazi vikuu, wa marehemu baba yake Sefa, aliyekuwa mwalimu wa kwaya. Kila mwaka unaimbwa, kila mwaka mchungaji anamtaja jina, kila mwaka Shangazi anafuta machozi kwa kitambaa kilekile. Baba alikuwa safu ya nyuma na wenye sauti nzito, amefumba macho, anaimba kama mtu anayeumwa jino. Nilimcheka mpaka Mama akanifinya.

Baba ni mtu wa hivyo. Ng'ombe wake wameondoka na Shangazi, mikeka imeondoka, yeye anafumba macho anaimba.

Januari 10, Ijumaa

Maelezo yako tayari. Sefa ameandika maneno ambayo siwezi hata kuyatamka. Tulitumia simu yake kwa sababu ina intaneti ya kutosha.

"Bado fomu tu," akasema. "Jua kali, binamu. Nenda kaangue madafu, mimi namalizia."

Nikapanda. Nilipokuwa juu nikamwona pale chini kivulini, amejikunja juu ya simu, anaandika. Nikampigia mluzi. Akanipungia mkono.

Madafu yalikuwa matamu. Imetumwa!

Januari 27

Sefa amerudi chuo. Ameondoka na shati la bluu, na mkanda wangu, na viatu vya michezo ambavyo hata havimtoshi. Nimeinua mkono bandarini mpaka ukachoka.

Februari 3

Mvua. Vuna anauliza nitakuwa nani nikishakuwa maarufu. Nikamwambia nitakuwa Lupeti yuleyule, ila sitamjua yeye.

Februari 16, Jumapili

Redio inasema kimbunga. Baba amefunga paa kwa kamba ya meli. Bahari imebadilika rangi.

Februari 20, Alhamisi

Kilipita Jumatatu. Tulikaa wote chini ya meza ya Mama, kompyuta nikiwa nimeifunga kwenye magunia mawili ya mchele na kuikumbatia. Bati tatu ziliondoka. Baba alitoka katikati ya upepo ule akaning'inia kwenye kamba kwa uzito wake mpaka bati za mbele zikatulia. Sikujua ana nguvu zile. Mshelisheli wa akina Vuna umelala na waya wetu ukiwa chini yake. Umeme hakuna.

Miti ya popo yote imebaki vijiti. Wamekwenda wapi sijui.

Februari 27

Umeme umerudi. Kompyuta imewaka. Nimeibusu.

Machi 3, Jumatatu

Toleo jipya limetoka. Nilitoa amri ya kusasisha tangu asubuhi, intaneti ikawa inachuruzika tone tone mpaka saa nane mchana. Vuna alikuja kukaa na mimi. Mama alikuwa anasuka mkeka mlangoni, Baba yuko juu anapiga bati misumari.

Ikamaliza. Nikafungua. Wapeka wapo! Nahodha wangu na kofia yake, pamoja na watu wa mawe na watu wa moshi, dunia nzima inamwona. Nikapiga kelele Baba akaangusha nyundo.

Nikafungua orodha ya majina. Ni ndefu, ya watu wa kila nchi. Nikateremka. Vuna alisoma kabla yangu kwa sababu anasoma haraka.

"Mkuu," akasema, "zima tu tukaogelee."

Taifa la Wapeka: maandishi, michoro na maelezo, Sefanaia, Tonga.

Basi. Michoro pia.

Machi 4, Jumanne

Nimempigia.

"Sefa. Jina langu liko wapi?"

"Ah, binamu! Umeona? Mkuu wa chuo amenisimamisha mbele ya wanafunzi wote. Wameweka picha ukutani!"

"Jina langu, Sefa."

"Fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja. Na wewe mwenyewe si ulisema? Mbele ya mama, mbele ya baba yako. Wa Sefa, ulisema. Sikukuziba mdomo."

"Ile ni adabu!"

"Sasa mimi nijue lini unasema kwa adabu na lini unasema kweli?"

Nina mdomo wa kumtosha kila mtu kisiwani, nikakata simu tu.

Machi 5, Jumatano

Nimemwandikia Ilse barua. Ushahidi ninao: kompyuta yangu imetunza kila badiliko nililolifanya kwenye faili, siku na saa, tangu Novemba 23. Watu wa Mchezo wanaheshimu hilo kuliko kiapo. Nilikuwa natafuta neno la Kiingereza la mwizi nikiwa nimekaa ngazini, Baba akashuka toka kwenye paa akakaa pembeni, mdomoni ana misumari.

Akaitoa mmoja mmoja. "Vuna ameniambia."

"Vuna ana domo."

"Ule wimbo wa wavunaji," akasema, "niliutunga mimi. Nilikuwa napanda viazi vikuu na babu yako, mwaka ule wa jua kali, sasa ni miaka ishirini na mitatu. Lavinia akanisikia naimba. Akasema, wimbo mzuri, wa nani? Nikamwambia, wako, dada. Akaenda nao kwa mumewe."

Niliangalia mikono yake. Ilikuwa na matope ya kutu.

"Na hukusema kitu?"

"Nilishasema. Nilisema ni wake."

"Baba, nikiituma hii barua?"

Akaikusanya misumari yake. "Sitakuzuia. Kazi ni yako. Ila dada yangu ameshalieleza kanisa zima. Ukimwita mwanawe mwizi, Jumapili mimi nitakaa wapi?"

Akarudi juu. Barua haijatumwa. Wala sijaifuta.

Machi 9, Jumapili

Shangazi amesimama kanisani kushukuru kwa ajili ya mwanawe aliyeingia kwenye orodha ya wasomi wa dunia. Niliangalia vidole vyangu vya miguu. Bado vipo kumi.

Machi 11, Jumanne

Haya sasa, sikiliza!

Jukwaani ni vilio. Watu wa Brazili, watu wa Polandi, kila mahali: Wapeka wanakufa. Kwenye ramani kubwa, za nyota mia tatu, ikifika zamu ya tisini chakula kinakwisha, sayari moja baada ya nyingine, mpaka hakuna hata mmoja. Ilse ameandika kwa upole: "Tunamwomba mtunzi arekebishe."

Mimi nilijua kabla sijamaliza kusoma. Ni mstari mmoja, wa arobaini na mbili. Chakula cha Wapeka nilikigawanya kwa idadi ya nyota, na niliwajaribu kwenye nyota sitini tu kwa sababu kompyuta yangu ingeungua kwa zaidi. Wenye mashine nzuri wasingekosea hivi. Dawa yake ni kubadilisha tarakimu moja na neno moja.

Nimekula magimbi matatu. Sijasikia njaa hivi tangu kimbunga.

Machi 12

Sefa amepiga simu mara tano. Nikapokea ya tano.

"Binamu, ule mstari unaohusu chakula..."

"Mstari gani?"

"Usinifanyie hivyo. Mwalimu wa kompyuta anataka nirekebishe mbele ya darasa, Jumatatu. Nimeangalia lile faili, sielewi hata mwanzo wake."

"Pole. Muulize aliyetunga."

"Lupeti."

"Jina lake liko kwenye orodha. Anaitwa Sefanaia. Kijana mzuri, ana shati la bluu."

Nikakata. Vuna alicheka mpaka akakaa chini. Na mimi nilicheka.

Machi 15, Jumamosi

Shangazi amekuja.

Mvua ilikuwa inanyesha kwa ubavu na alikuja kwa miguu, hana mwavuli, ameshika ndala mkononi. Baba akaruka kumtandikia mkeka mzuri. Hakuukalia. Alikaa kwenye sakafu tupu karibu na mlango, mahali ninapokaa mimi. Katika maisha yangu sijawahi kumwona akikaa chini yetu. Mama aliondoka kwenda jikoni kwa sababu hakuweza kutazama.

"Lupeti mwanangu," akasema. "Wanamcheka. Chuoni. Wanasema hakufanya yeye."

Akaziweka ndala zake pembeni.

"Sijui mambo yenu ya nyota. Sefa anasema ni jambo dogo kwako. Naomba umsaidie ndugu yako."

Naomba. Neno hilo nilidhani hana. Nywele zake zilikuwa zimelowa na nikaona kwamba kichwa chake ni kidogo, kama cha mtoto. Baba alikuwa ananitazama. Kompyuta ilikuwa palepale mezani, imewaka, faili liko wazi. Mstari wa arobaini na mbili.

Ningeweza. Ingenichukua muda wa kupiga chafya.

Nikainamisha kichwa kwa adabu zote nilizofundishwa, nikasema taratibu, "Shangazi, ningetaka sana. Lakini mimi shule haikuniingiza kitu. Hayo ni mambo ya wasomi."

Alinitazama. Alilikumbuka neno lake, niliona. Akainuka kwa kujisukuma na mkono ukutani, akavaa ndala zake, akasema, "Sawa, mwanangu," akaondoka na mvua yake.

Baba hakunipiga. Aliukunja ule mkeka ambao haukukaliwa, polepole, akaurudisha juu ya kabati.

Nimeshinda. Naandika hapa ili ijulikane: nimeshinda.

Machi 17

Mvua.

Machi 18

Mvua. Sefa hajapiga.

Machi 21, Ijumaa

Ilse ametangaza. Mtunzi hakuweza kurekebisha, na hakuna mwingine anayejua Wapeka walikusudiwa kuishi vipi, kwa hiyo wameondolewa. Toleo la marekebisho limetoka leo bila wao. Anasikitika, anasema walikuwa taifa zuri kuliko yote ya mwaka huu. Mtunzi mwenyewe akija na dawa, mlango uko wazi.

Mtunzi mwenyewe.

Niliifungua ile barua yangu ya Machi 5. Bado haina neno la mwizi. Sasa ningemwandikia nini? Kwamba mtunzi ni mimi, na dawa ninayo tangu siku ya kwanza, na niliwaacha wafe njaa huku nakula magimbi? Nimeifuta.

Machi 22, Jumamosi

Nikamwita Vuna dirishani. Tumeshaweka waya mpya, umepita chini.

"Tucheze. Mimi Wapeka. Usisasishe ya kwako, mashine zetu lazima zifanane."

"Nimeshasasisha jana, mkuu."

"Rudisha ya zamani. Nitakuja kukurudishia mimi, dakika kumi."

Akajikuna. "Kuna jamaa wa Brazili wamenikaribisha kwenye ramani yao kubwa. Wanataka toleo jipya." Halafu akasema, akiangalia mshelisheli ulioanguka badala ya kuniangalia mimi: "Na yule mama alipita kwetu siku ile, amelowa chapachapa. Bibi alimpa taulo."

Akafunga dirisha. Si kwa kishindo.

Kwa hiyo kuna kompyuta moja duniani yenye Wapeka, na ndiyo hii, na haina wa kucheza naye. Nimerekebisha mstari wa arobaini na mbili. Dakika moja haikufika. Nikawasha ramani ya nyota sitini, nikawaacha peke yao. Zamu ya tisini ikapita, ya mia ikapita, wanazaliana tu. Wamejaza nyota zote hafifu, na hakuna anayewaona.

Machi 23, Jumapili

Shangazi alikuwa mahali pake mbele. Hakugeuka.

Kwaya imeimba wimbo wa wavunaji ingawa si wakati wake. Mchungaji aliuomba, kwa ajili ya mashamba yaliyoharibiwa na kimbunga. Akamtaja marehemu jina, kama kawaida. Kanisa zima likasimama, hata watoto wanaujua, hata Vuna asiyejua kitu. Beti zote nne. Nilikwenda safu ya nyuma nikasimama kando ya Baba. Alikuwa ameshafumba macho.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Wimbo wake una miaka ishirini na mitatu, na bado unaimbwa.